Risasi Ikitoka Hairudi

Katika mashamba ya mashariki ya Marekani, tangu Pennsylvania na New York mpaka New Hampshire, yupo mnyama mdogo mwenye manyoya ya kahawia, miguu mifupi na meno yasiyochoka. Jina lake ni wudichaki. Mtu wa Afrika Mashariki akimwona kwa mbali, ameketi wima juu ya kifusi cha udongo, angedhani ameona pimbi. Lakini pimbi hukaa majabalini, naye wudichaki ni wa jamii moja na kindi, na kazi yake kubwa ni kuchimba. Mkubwa wao huwa na uzito wa kilo 2 hadi 6.

Mkulima hamchukii kwa sura yake, bali kwa tumbo lake. Hula klova, alfalfa, maharagwe na njegere, naye huzidi kula siku za baridi zikikaribia. Theluji inapofika hulala shimoni usingizi mzito wa miezi mingi, mwili umepoa na moyo wapiga polepole, wala hali kitu. Basi mafuta ya mwili wake ndiyo ghala yake, na ghala hiyo hujazwa kwa jasho la mwenye shamba. Shimo lake nalo lina milango zaidi ya mmoja, na mingine imefichwa majanini. Farasi akitia mguu humo huvunjika, na gurudumu la trekta likizama humo chuma hupinda.

Ugomvi huu ni wa zamani. Henry David Thoreau, mwandishi wa Massachusetts aliyelima maharagwe karibu na ziwa la Walden, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1854 jinsi wanyama hao walivyomlia robo eka, naye akakiri kwamba alimwua mmoja akamla. Mwaka 1883 baraza la kutunga sheria la New Hampshire liliunda kamati nzima kwa ajili ya wudichaki, nayo ikashauri kwamba kila amwuaye mmoja alipwe senti 10. Pesa zililipwa, lakini wudichaki wako huko hata leo.

Silaha inayotumika sana katika vita hivyo ni bunduki ndogo, ambayo risasi yake ina unene wa inchi 0.22, yaani kama milimita 5.6. Iliyo maarufu kuliko zote ni .22 Long Rifle, iliyoanza kuuzwa mwaka 1887. Bei yake si kubwa, haimpigi mtu bega, na mlio wake si wa kutisha ng'ombe. Baadaye wawindaji walitaka kufika mbali zaidi. Mwaka 1930 ikatokea .22 Hornet, mwaka 1935 ikaja .220 Swift, ambayo risasi yake hutoka kwenye kasiba kwa mwendo wa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde moja, na mwaka 1950 ikafuata .222 Remington.

Yafaa hapa kufahamu jambo moja ambalo wengi hulidhania kinyume. Risasi hizo za mwendo mkali ni nyepesi na zenye ganda jembamba, na zikigonga ardhi kwa kawaida hupasuka vipande vipande. Lakini ile ya .22 ya kawaida, ambayo watu huidharau na kuwapa watoto kujifunzia, ni ya risasi tupu na mwendo wake ni mdogo. Ikigonga jiwe au ardhi ngumu huweza kuruka na kushika njia nyingine. Tena, ikipigwa juu huweza kwenda zaidi ya kilomita 1 kabla ya kuanguka.

Msomaji na afikirie mzee mmoja wa Pennsylvania, mwenye umri wa miaka 70, pamoja na mjukuu wake wa miaka 13. Majani ya ng'ombe yamekwisha kukatwa, jua linashuka, na kijana amelala kifudifudi, bunduki ndogo imo begani. Juu ya kilima, mita 60 mbele yake, wudichaki ameketi wima kama askari wa zamu. Nyuma yake hakuna kitu ila mbingu. Kijana ameshika pumzi, na kidole kiko tayari.

Mzee amwambia, "Acha."

"Lakini, babu, siwezi kumkosa!"

"Labda huwezi. Je, wajua risasi ikimpita itamkuta nani?"

Kijana hana jibu. Mzee amwamuru atoe risasi bunduki ikiwa tupu kabisa, ndipo wavuke ua wa waya na kupanda kilima taratibu. Mnyama amekwisha kuingia shimoni. Walipofika juu kijana atazama upande wa pili, na chini kule, umbali usiofika nusu kilomita, aona paa la nyumba ya jirani, mama akianua nguo kambani, na watoto wawili wakicheza uani. Mzee hasemi neno. Wala hapakuwa na haja ya kusema. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ni zaidi ya maji.

Juma moja likapita kabla hawajampata mnyama yule chini ya kingo, udongo mzito ukiwa nyuma yake. Hapo mzee akatikisa kichwa kukubali, na risasi moja ikatosha. Kijana alikuwa amefikiri kwamba atashangilia, lakini alipomshika mnyama yule, angali ana joto, moyo wake ulitulia kwa namna nyingine. Babu yake hakumwacha akae na mawazo matupu. Alimfundisha kumchuna, kuziondoa tezi zilizo kwapani ambazo huharibu ladha ya nyama, na kuyafukia matumbo chini sana. Hilo la kufukia si uchafu tu. Vipande vya risasi vikibaki katika mzoga, tai waulao hupata sumu. Kwa sababu hiyo jimbo la California lilikataza risasi za namna hiyo katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, na wawindaji hutumia za shaba na madini mengine.

Tena mzee huyo hakutaka mashimo yote yafungwe. Mbweha na sungura hukaa katika mahame ya wudichaki, na mnyama aliye msituni, mbali na maharagwe, hakumkosea mtu. Mbuga za magharibi zilitoa fundisho kali. Huko yuko mnyama mwingine mchimbaji, aitwaye mbwa wa mbugani ijapokuwa si mbwa, naye aliuawa kwa sumu na bunduki katika nchi kubwa sana. Kicheche wa miguu myeusi, ambaye chakula chake kikubwa ni huyo, karibu atoweke naye. Wataalamu walidhani amekwisha kabisa, mpaka mwaka 1981 mbwa wa shamba moja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipomleta mmoja nyumbani, naye amekufa. Hapo ndipo wachache waliosalia walipotafutwa na kulindwa.

Mkulima wa Kenya, ambaye fuko humla viazi na nungunungu humwingilia shambani usiku, aweza kumwelewa mzee yule bila ya mkalimani. Kulinda shamba ni haki ya aliyelima. Lakini iwe ni bunduki, mtego au sumu, silaha haijui mipaka ya shamba, wala haimtambui jirani, mtoto au tai. Anayejua ni mwenye kuishika tu, naye yampasa kujua kabla, si baada.

Jioni hiyo ya kwanza kijana yule alirudi nyumbani mikono mitupu. Maharagwe machache yaliliwa, na nyumba ya pili ya kilima ililala salama.