Siku Kumi na Sita Marekani, Mwaka Mzima Korbesa

Mtihani wa GMAT, ambao vyuo vingi vya biashara duniani huutumia kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili, una kanuni moja iliyonishangaza kuliko maswali yake yote. Ukiufanya leo na alama zisikuridhishe, baada ya siku 16 unaruhusiwa kuketi tena, hadi mara tano ndani ya miezi 12. Huitwi ofisini kujieleza. Huandiki barua ya kuomba nafasi. Unaingia kwenye tovuti, unalipa, unachagua siku.

Mimi nimelelewa Korbesa, karibu na Merti, katika bonde la Ewaso Nyiro kaunti ya Isiolo. Sasa naishi Minneapolis, mji wenye Waoromo wengi kiasi kwamba kuna mitaa ambayo mtu hununua maziwa, nyama na kadi ya simu bila kusema neno la Kiingereza. Kanuni hiyo ya siku 16 nimeifikiria sana, kwa sababu kule kwetu mtihani ulikuwa hukumu inayosomwa mara moja. Wakati wangu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ilifanywa mwisho wa mwaka, matokeo yakatoka, na kabla hujamaliza chai ya asubuhi majirani walikuwa wamekwisha kujua. Aliyekosa C+, daraja la chini kabisa la kuingilia chuo kikuu, kwa kawaida alikuwa na njia mbili: afunge daftari, au arudi kidato cha nne. Kurudi kulimaanisha mwaka mzima wa karo, mara nyingi katika shule ya kaunti nyingine ambako hakuna anayekufahamu, ukiketi dawati moja na rika la mdogo wako.

Watahiniwa 962,512 walifanya KCSE mwaka 2024. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Hao wengine zaidi ya 700,000 hawakuzaliwa na akili pungufu. Wengi wao wangehitaji nafasi moja zaidi, na nafasi hiyo ina bei ambayo nyumba nyingi za Waso, bonde letu, haziwezi kuilipa.

Nieleze kwanza mtihani wenyewe, maana watu hudhani kurudia ni kufanya lile lile tena. GMAT ya sasa huchukua saa 2 na dakika 15. Ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, uchanganuzi wa data maswali 20. Alama huanzia 205 hadi 805. Kabla ya kuingia unakaguliwa kiganja, simu inafungiwa kabatini, unapewa karatasi za plastiki na kalamu ya wino wa kufutika. Kwenye hesabu hakuna kikokotoo. Kompyuta nayo inakupima unavyokwenda: ukijibu vizuri, maswali yanazidi kuwa magumu, kwa hiyo hata anayefanya vyema hutoka mle akiamini ameanguka.

Mtu aliyelelewa na KCSE huingia chumba hicho na mazoea tofauti kabisa. Karatasi yetu ya hesabu ilikuwa ya saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, ya pili unachagua matano kati ya manane, na msahihishaji hukupa alama za njia hata kama jibu la mwisho limepotoka. Tulifundishwa kuonyesha kazi, mstari kwa mstari. GMAT haioni njia yako. Inaona jibu, na inaona saa. Kila swali lina takriban dakika mbili. Anayeling'ang'ania moja kwa dakika sita kwa sababu anajua yuko kwenye njia sahihi atalipata hilo na kukosa mawili ya mwisho. Unaruhusiwa kurudi nyuma na kubadilisha majibu matatu tu katika kila sehemu. Kuliachia swali unaloliweza, ukaenda mbele moyo ukiwa umetulia, hakufundishwi na kitabu. Kunakuingia ukiwa umeketi kwenye kiti kile, sekunde zikipungua mbele ya macho yako. Kwa hiyo jaribio la kwanza, kwa wengi wetu tuliotoka mifumo mingine, ni sehemu ya masomo, na mwenye uwezo wa kulipia la pili na la tatu ndiye anayehitimu masomo hayo.

Nilirudi, nikarudi tena. Alama zilipanda, zikashuka kidogo, zikapanda. Nilisoma baada ya kazi katika maktaba ya kaunti ya Hennepin, ambako vitabu vya mtihani huazimwa bure na vyumba vya kusomea havina kelele, na hatimaye nikafika pale chuo nilichokiomba kilipotaka. Hakuna aliyejua nimejaribu mara ngapi. Kwa utaratibu wa sasa chuo huona alama zile tu unazoamua kuzituma, nyingine zinabaki zako. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni nafuu kubwa mno.

Lakini nafuu hiyo ina upweke wake, na ina bei. Kila jaribio katika kituo cha mtihani hapa ni dola 275, zaidi ya shilingi 35,000 za Kenya. Marekani haikuulizi kwa nini alama zako zilikuwa chini, haikuonei haya, wala haikusaidii. Asiye na dola 275 siku 16 hazimfai kitu. Nimefanya kazi na watu wenye vichwa vikali kuliko changu walioishia jaribio la kwanza kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inawasubiri.

Hapo ndipo Korbesa inapojua jambo ambalo Minneapolis hailijui. Sisi Waborana, ambao ni Waoromo, tuna busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo yake kwa ukame, maradhi au uvamizi, hupeleka shauri lake kwa ukoo. Wazee huketi, humuuliza mifugo ilipoteaje, na wakiridhika kwamba hakuitapanya, watu wa ukoo humchangia wanyama ili aanze tena. Kupokea si fedheha, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba mvua ikimgeuka zamu itakuwa yake. Desturi hiyo imebeba mizigo mizito. Katika vita vya Shifta, vilivyoanza 1963, wafugaji wa Waso walifungiwa kambini, Merti ikiwa mojawapo, na mifugo ikaangamia. Wazee wanauita wakati huo Gaf Daba. Mzigo ule ulikuwa mkubwa kuliko desturi yenyewe, kwa sababu aliyepaswa kutoa naye alikuwa amepoteza. Baadaye misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na bado ukoo uliendelea kuketi na kugawana kilichobaki.

Basi inanichoma kuona jamii yenye sheria ya kumwinua aliyepoteza ng'ombe haina sheria ya kumwinua aliyepoteza alama. Serikali nayo kwa miaka mingi imekuwa ikimlipia ada ya KCSE mtahiniwa wa kawaida wa shuleni. Anayerudia kama mtahiniwa wa kujitegemea hujilipia mwenyewe. Jaribio la kwanza ni la taifa, la pili ni la maskini na mfuko wake. Kwa msichana kurudia ni kugumu zaidi, kwa sababu mwaka huo mmoja wa kurudia unagombaniwa na posa. Kenya nzima ilimshangilia mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na alistahili kila kigelegele. Binti wa miaka 19 anayetaka kurudia hesabu na kemia naye anastahili kushangiliwa, tena na watu wa kwao kwanza.

Sisi tulioko nje huchanga kwa simu kila mwezi: mazishi, hospitali, harusi. Nimependekeza kwa jamaa zangu hapa tufungue shauri la wanaorudia mtihani, liendeshwe kama wazee wanavyoendesha lile la mifugo. Kijana aje aulizwe alama zilipoteaje. Je, alirudishwa nyumbani kutafuta karo muhula wa pili? Shule ilikuwa na mwalimu wa fizikia? Familia ilihama kufuata malisho akiwa kidato cha tatu? Majibu hayo yataonyesha kama anahitaji ada ya usajili tu, au pia mwalimu wa kumfundisha likizo, au kitanda katika nyumba ya shangazi mjini Isiolo ambako kuna umeme wa kusomea usiku. Shangazi yangu, ambaye hakusoma, alinielewa haraka kuliko wote. Aliniuliza swali moja tu: pesa zitafika lini? Nilimjibu kwamba usajili wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hufunguliwa mapema mwaka, kwa hiyo mchango uwe tayari Desemba, kabla kijana hajaamua kuuza vitabu vyake.