Popo Ameingia Nyumbani, Tufanyeje?



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, kuna swali ambalo huulizwa sana baada ya darsa, nalo si la sala wala la funga. Ni la popo. Huku kwetu Busia, pande zote mbili za mpaka, na kule Tororo, nyumba nyingi zimeezekwa mabati, na kati ya ukuta na paa hubaki uwazi. Popo wadogo wanalipenda joto la chini ya mabati. Mchana wamelala humo, Magharibi wanatoka kutafuta wadudu, na mmoja akipotea njia anajikuta sebuleni juu ya vichwa vya watu wanaokula.

Hapo kelele huanza. Huyu kashika ufagio, yule kandambili, watoto wamejifunika mashuka, na hakosekani wa kusema kwamba huyo si popo, ametumwa.

Nianze na hilo la kutumwa. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu walishikwa na hofu ya Popobawa mpaka familia nzima zikawa zinalala nje kwa kuogopa kubaki vyumbani. Sisi tunaamini majini wapo, Qur'ani imewataja. Lakini kuamini hivyo hakutulazimishi kumwita jini kila mnyama aliyepotea. Popo huyu anazunguka kwa sababu anatafuta tundu la kutokea. Akishuka katikati ya chumba mnadhani anawavamia, kumbe ndivyo anavyoruka katika sehemu finyu. Nywele zenu hazimhusu. Na si kipofu, macho anayo, ila gizani anajiongoza kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Basi watoeni watoto, fungeni milango ya vyumba vya ndani, fungueni mlango wa nje na madirisha, zimeni taa, mkae kimya. Mara nyingi haichukui muda, ameshaondoka. Dirisha lenye wavu wa mbu halimsaidii, kwa hiyo mlango ndio muhimu. Akiwa amechoka na kutua ukutani, mfunike kwa kopo tupu la Kimbo, pitisha kipande cha boksi taratibu kati ya kopo na ukuta, mtoe nje. Muweke juu ya mti au ukutani, kwa kuwa popo wengi hawawezi kuruka vizuri wakianzia chini. Kumuua hakuna haja. Imamu Bayhaqi amepokea kauli ya Sahaba Abdullah bin Amr (r.a.) inayokataza kuuawa kwa popo. Na popo anayekula wadudu usiku kucha anatufanyia kazi bila malipo.

Ila kwa mkono mtupu asishikwe kabisa. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Kijana mmoja wa madrasa yetu alimdaka popo kwa mkono ili awaonyeshe wenzake, akaumwa kidole. Nilipofika kwao nyanya yake alikuwa ameshaandaa sahani ya kombe. Akaniambia, "Ustadh, msomee tu. Kidonda chenyewe ni kama cha sindano, hata damu haikutoka." Nikamjibu, "Nyanya, nitamsomea, lakini nitamsomea tukiwa njiani kwenda hospitali." Hakufurahi. Tuliosha kile kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukapanda boda. Sindano ya kwanza aliipata siku ile ile. Zilizofuata baba yake alihangaika nazo, nyingine akaenda kuitafuta ng'ambo ya mpaka, na kwa mtu wa kipato cha kibarua haikuwa rahisi.

Kwa nini nilishikilia? Mwezi wa Oktoba 2007 mwanamke mmoja kutoka Uholanzi, mwenyewe daktari, alikuwa kambini Tsavo West hapa Kenya. Usiku popo mdogo akamgonga usoni, akamwachia majeraha mawili madogo puani. Hakupata chanjo. Alirudi kwao mzima, na baada ya wiki tatu hivi ugonjwa ukaanza. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Vilikuwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa kichaa cha mbwa. Mwaka 2009 ndugu mwingine wa virusi hivyo aligunduliwa ndani ya popo wa pango la Shimoni, Pwani yetu. Maradhi haya dalili zikishaonekana, karibu haiwezekani mtu kupona. Dawa ni kabla. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na kisomo hakigombani na sindano. Mtoto mchanga akikutwa amelala chumba kimoja na popo, apelekwe vilevile, maana jino la popo ni dogo mno na mtoto hawezi kusema.

Wengine wanauliza kuhusu Marburg, kwa sababu mwaka 2017 iliua watu 3 wilayani Kween, Mlima Elgon, si mbali na Tororo, na mmoja wao alikuwa mwindaji. Wanaojulikana kuibeba ni popo wala matunda wanaokaa mapangoni, si hawa wa kwenye mabati. Vijana wasiingie mapangoni kucheza, basi.

Kuziba matundu kufanywe usiku, popo wakishatoka, na msizibe wakiwa na vitoto ndani, vitafia humo na nyumba itanuka. Wavu wa waya unatosha.

Na mkeka wa kusalia uliodondokewa na kinyesi chao? Kidogo kimesamehewa, kwa vile kujikinga nacho ni vigumu. Kikiwa kingi, uoshwe. Kilichorundikana darini msikifagie kikavu, vumbi lake linaumiza mapafu. Kinyunyizieni maji kwanza, na anayefagia ajifunge kitambaa puani.

Wabillahi tawfiq.