Jinsi ya Kumdai Jirani

Ndugu msomaji, kama unayo Biblia nyumbani, ifungue leo baada ya chakula cha jioni, usome Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Wengi wetu huipita upesi. Twadhani ni mambo ya Wayahudi wa kale, ya miganda na majoho na mawe ya kusagia, yasiyotuhusu sisi. Mimi nasema sura hiyo yaijua nyumba yako vizuri kabisa. Yamjua aliyekopa, yamjua anayedai, na yamjua kibarua aliyerudi nyumbani jioni mikono mitupu.

Wayahudi wahesabu ya kuwa Torati ina amri 613: amri 248 za kutenda, na 365 za kukataza. Hesabu hiyo imo katika Talmudi, kitabu kikubwa cha mafundisho ya waalimu wao. Moses Maimonides, mwalimu na mganga aliyezaliwa Cordoba katika nchi ya Hispania, akafa Misri mwaka 1204, aliandika kitabu kizima cha kuzitaja moja moja. Nyingi katika hizo zahusu sadaka za Hekalu la Yerusalemu, nalo lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Kwa hiyo leo haziwezi kutimizwa. Lakini amri za shamba, za mizani, za ujira na za deni zimebaki. Myahudi mshika dini hujiuliza: Amri hii nitaitimizaje hapa nilipo?

Chukua mfano mmoja. Torati yaamuru ya kuwa ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka akafa. Huko kwao dari zilikuwa bapa, watu waliketi juu, wakaanika nafaka, hata wakalala. Sisi mapaa yetu ni ya bati au ya nyasi, nani atapanda kuketi huko? Basi, je, amri hii haituhusu? Waalimu wa Kiyahudi hawakuishia darini. Walisema kisima kilichoko uani nacho kiwekewe ukingo au kifuniko. Wakasema tena mtu asifuge mbwa mkali nyumbani mwake, wala asiweke ngazi mbovu. Walitambua ya kuwa maana ya amri ni hii: usiache mauti yakae nyumbani mwako. Haya, msomaji, kisima chako kina kifuniko? Na lile shimo la choo cha zamani, umelifukia, au limefunikwa kwa majani makavu tu na watoto wanacheza karibu?

Sasa turudi kwenye deni, maana hapo ndipo penye maumivu ya vijiji vyetu leo.

Torati yasema hivi, kwa ufupi. Ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Akiwa maskini, na rehani yake ni vazi la kujifunika, umrudishie jua likichwa ili apate kulala. Usichukue rehani mawe ya kusagia, maana hayo ndiyo maisha yake. Wala usichukue rehani vazi la mjane.

Katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, waalimu waliendelea mbele. Walisema mwenye kudai asichukue rehani kwa nguvu zake mwenyewe, ila kwa njia ya baraza la hukumu. Wakasema ya kuwa si mawe ya kusagia tu, bali kila chombo cha kutengenezea chakula kisichukuliwe. Na wakasema: rehani ikiwa ni mto wa kulalia, urudishwe usiku, ikiwa ni jembe la kulimia, lirudishwe mchana. Mtu anaweza kuwa na deni na bado akahitaji kulala na kulima.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuko watu 23, nasi hukutana kila Jumamosi chini ya mwembe. Katiba yetu ilisema ya kuwa asiyelipa kwa miezi mitatu, wanakikundi waende kwake wachukue mali inayotosha deni. Tuliiandika hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoona kwa wengine. Wewe nawe umewaona wale wakopeshaji wa mikopo ya kausha damu. Huja asubuhi na pikipiki, huingia hata chumbani, hutoa godoro, sufuria na kitanda, na watoto husimama uani wakitazama.

Mwaka jana zamu ilimfikia mama mmoja mjane, ambaye sitamtaja jina. Alikuwa na deni la shilingi 180,000. Tulipokutana, watu waligawanyika. Wengine walisema, "Dawa ya deni ni kulipa. Katiba ni katiba." Wengine wakasema, "Tumsamehe, ana yatima." Ndugu msomaji, usidhani kwamba wa kwanza walikuwa wabaya na wa pili wema. Ile fedha haikuwa ya kikundi hewani. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyeuza asali akaiweka kwa ajili ya karo ya mjukuu wake. Ukisamehe mali ya mwenzako, wema huo ni wa nani?

Nikawasomea ile sura ya 24. Yule mzee wa asali akaniuliza, "Kwa hiyo, Mweka hazina, Musa anasema tusidai?"

Nikamjibu, "La, Mzee. Anasema tudai, lakini tudai tukiwa tumesimama nje."

Nikawaeleza na habari ya Hillel, mwalimu wa Kiyahudi aliyeishi siku za Mfalme Herode. Torati iliamuru madeni yafutwe kila mwaka wa saba. Amri njema, lakini mwaka ule ulipokaribia, wenye fedha walifunga mikono, na maskini hawakupata mtu wa kuwakopesha. Torati yenyewe ilikuwa imekwisha kuwaonya wasifanye hivyo, lakini walifanya. Ndipo Hillel akaweka utaratibu wa hati: madeni yakabidhiwe baraza la hukumu, yasifutike, ili watu wasiache kukopesha. Hakufanya hivyo kwa kuwapenda matajiri. Aliona ya kuwa mlango wa mkopo ukifungwa, wa kwanza kuumia ni maskini.

Basi tukawatuma wanawake wawili. Walipiga hodi, wakasalimu, wakasimama uani, hawakuvuka mlango. Wakamwambia, "Dada, tumekuja kwa ajili ya lile deni. Utatupa nini kama rehani?" Kwanza alitoa cherehani yake. Wale wanawake wakakataa, wakasema, "Hiki ndicho kinachokulisha. Hili ni jiwe lako la kusagia." Akaingia tena, akatoa baiskeli ya marehemu mumewe. Wakaipokea, ikawekwa kwa katibu. Lakini siku za gulio huazimwa asubuhi, apakie ndizi zake, na jioni huirudisha. Analipa kidogo kidogo. Hajamaliza. Wapo katika kikundi wanaonung'unika hata sasa kwamba tumelegea, nami sioni ajabu, maana fedha ni yao na mwaka wa shule haungoji. Lakini yule mama bado anakuja chini ya mwembe, anaketi pamoja nasi, hatukwepi njiani. Na kile kipengele cha katiba tumekibadili.

Labda utauliza: Sisi ni Wakristo, twahusika nini na sheria za Wayahudi? Ni kweli, Mitume walipokutana Yerusalemu hawakuwatwika watu wa mataifa mzigo wote wa Torati. Lakini kumbuka ya kuwa Bwana wetu Yesu alilelewa katika sheria hizi, na Mama yake pia. Mtakatifu Paulo, alipotaka kuwaonyesha Wakorinto ya kuwa mfanya kazi astahili kula kwa kazi yake, alitumia amri ya Torati isemayo ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Paulo aliitafuta maana iliyo ndani ya amri. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Tena tusiwataje Wayahudi kana kwamba ni watu wa hadithi. Wapo, na amri hizi wazishika. Hata karibu na Mbale, Uganda, wako Waafrika wanaoshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, walipoongozwa na Semei Kakungulu. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha sisi Wakatoliki urithi tulioupokea kutoka kwao. Mtu hudharau asichokijua.

Neno moja bado, nalo ni la wewe mwenye shamba. Sura hiyohiyo yasema ujira wa kibarua maskini ulipwe siku ileile, kabla jua halijachwa, maana roho yake inautumainia. Zamani mtu aliweza kusema, "Sina chenji, njoo kesho." Leo fedha yapita katika simu kabla hujanawa mikono. Kijana aliyekupalilia mahindi tangu alfajiri ana mama anayengoja unga jioni hii. Ukimwambia "kesho," umemkopa bila kumwomba.

Basi, wazazi wapenzi, fanyeni mambo matatu juma hili. Tazameni mashimo na visima vya uani, vifunikwe. Mlipeni kibarua wenu siku ya kazi. Na yupo mtu anayedaiwa nanyi: msimsamehe kama hamwezi, lakini mkienda kwake pigeni hodi, msimame nje, na mmwache yeye avuke mlango wake mwenyewe akiwa na heshima yake.