Mpiga Ngoma Yumo Humo Ndani

Hapa London, watu wakisikia natengeneza muziki wa breki hudhani kazi yenyewe ni kubonyeza vitufe, kompyuta ikamaliza mengine. Wengine huniuliza kwa adabu kama nina kazi nyingine. Ninayo. Lakini usiku nakata ngoma, na ngoma ninazokata zilipigwa na watu wenye mikono na jasho, wengi wao kabla sijazaliwa.

Breki ni pale katika wimbo wa funki ambapo waimbaji na magitaa hunyamaza, akabaki mpiga ngoma. Mwaka 1973 kule Bronx, New York, DJ Kool Herc aliona kuwa wachezaji wanasubiri hapo tu. Baadaye akawa anatumia santuri mbili za wimbo uleule: kipande kikiisha upande huu, anakianzisha upande ule, na uwanja haupoi. Sisi sote tumetokea hapo, hata wale wanaojidai wamegundua kitu kipya kila Ijumaa.

Breki inayojulikana kuliko zote tunaiita Ameni. Imo katika “Amen, Brother” ya bendi ya The Winstons, ya mwaka 1969, wimbo uliowekwa upande wa pili wa “Color Him Father” na ambao hakuna aliyeutegemea. Mpiga ngoma wao, Gregory Coleman, anabaki peke yake kwa sekunde kama saba, baa nne tu za muziki. Mbili za kwanza anazipiga sawasawa. Katika ya tatu anachelewesha pigo la snea, ile ngoma ya mlio mkali, ukahisi mguu umekosa ngazi. Katika ya nne anaacha pigo la kwanza tupu kabisa, kisha toazi linalia mapema kuliko ulivyotarajia. Umelisikia mara elfu na bado linakushtua.

Vijana wakija kwangu na Ameni waliyoikata, nasikia kosa lilelile. Wameigawa vipande, wakavipanga kwenye gridi ya programu kila kimoja mahali pake barabara, na ngoma imekufa. Kinachokutikisa mwili si yale mapigo makubwa, bali ni vigusoviguso vya fimbo juu ya snea katikati ya mapigo hayo, laini kiasi kwamba hutasema umevisikia mpaka mtu avitoe. Na vyote vimekaa nyuma au mbele kidogo ya mstari. Mimi kila kipande nakiacha na uchelewaji wake. Breki ya Coleman inakwenda kama mapigo 137 kwa dakika. Jungle, muziki wetu wa breki za kasi, unataka 160 na zaidi, na ukiipandisha spidi kwa njia ya kale sauti nayo inapanda, snea inalia kama kijiko kwenye kikombe cha bati. Ndiyo sauti yenyewe. Usiirekebishe.

Mkongwe aliyenifunza alianza na Akai S950, mashine ya kunasa vipande vya sauti ambayo kumbukumbu yake, kama ilivyotoka kiwandani, haikufika hata megabaiti moja. Ili kubana nafasi yeye na wenzake walikuwa wanaizungusha santuri ya spidi 33 kwa spidi 45, wanarekodi, halafu wanaishusha spidi ndani ya mashine. Sauti ikatoka na mkwaruzo. Leo watu wananunua programu za kuigiza mkwaruzo huo, naye hucheka: “Mnalipia umaskini wetu.”

Zama zake DJ alipeleka wimbo ambao haujatoka kwenye karakana ya kuchonga sahani, akatoka na sahani laini ya nakala moja ambayo baada ya kupigwa mara nyingi ilianza kuchakaa. Ndiyo maana watu walivuka mji kumsikia: wimbo ule haukuwa kwa mwingine. Siku hizi tunatumiana faili, ila adabu ipo palepale, aliyepewa hasambazi.

Jambo tusilopenda kulizungumza ni malipo. Ameni imo katika maelfu ya nyimbo, na Coleman hakulipwa kitu. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, ndiye aliyekuwa na haki za wimbo, na yeye pia hakuwahi kupata mrabaha wa breki ile. Mwaka 2015 watu wa fani hii Uingereza walimchangia Spencer pauni 24,000, na niliwasikia wengi wakijipongeza. Ni kitendo cha heshima. Lakini aliyeshika fimbo alikuwa amekwishafariki mwaka 2006, tena, kwa maelezo ya Spencer, akiwa hana hata pa kulala.

Kwa hiyo siku hizi namwajiri mpiga ngoma. Ni Mkongomani anayepiga kanisani Jumapili. Kiswahili chake cha Lubumbashi na changu cha Mombasa vinagongana, lakini tunaelewana. Siku ya kwanza aliniuliza, “Ndugu, nipige vizuri au nipige kama nimechoka?” Nikamwambia, “Kama umechoka,” na maikrofoni nikaiweka mbali, karibu na mlango, ili chumba nacho kisikike. Sikumpa mdundo wa kufuata masikioni. Wimbo ukitoka jina lake linaandikwa kama mtunzi, na mapato tunagawana nusu kwa nusu.

Wenzangu wanasema nusu ni wazimu kwa mtu aliyepiga dakika tano. Wawili kati yao wameshaniomba namba yake. Nimewaambia bei kwanza.