Kama Jana

Ndege mpya ikirushwa kwa majaribio hubeba kitu ambacho abiria hatakiona kamwe: vihisi vingi mno, vimebandikwa kwenye mabawa, injini na mkia, kila kimoja kikitaja namba zake mara nyingi kwa sekunde. Wahandisi walioko chini wanataka kuzisoma papo hapo, maana bawa likianza ule mtetemo unaojiongeza wenyewe, rubani ana sekunde chache tu. Njia ni redio, na masafa ya redio ni finyu. Basi data zinabanwa.

Sasa, kubana kuko kwa namna mbili. Wimbo ulio kwenye simu yako huenda umebanwa kwa kutupa yale ambayo sikio lisingeyasikia. Kwenye majaribio ya ndege hilo halifai, kwani ile namba moja ya ajabu ndiyo inayotafutwa.

Ufundi wenyewe umenifurahisha kuliko riwaya kadhaa nilizosoma mwaka huu. Pande zote mbili hukisia namba ijayo, mara nyingi kwa kudhani itafanana na iliyotangulia, na kinachotumwa ni tofauti tu. Tofauti ndogo hupewa biti chache. Robert Rice wa JPL, kule Marekani, aliifanyia kazi njia ya aina hii miaka ya 1970 kwa ajili ya vyombo vya anga za juu.

Mama yangu yuko Korogwe, ana presha. Kila asubuhi huniandikia maneno mawili: "Kama jana." Ya jana ninayo, kwa hiyo nimepata yote. Lakini mtandao ukimeza ujumbe wa Jumanne, "kama jana" ya Jumatano hainiambii kitu. Wahandisi wanaijua hofu hiyo, ndiyo maana kila baada ya muda hutuma namba nzima. Nami kila Jumapili, nikishamwamkia, namwomba: mama, leo nitajie zote mbili, ya juu na ya chini.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Kisichotabirika hakibaniki, Claude Shannon alituonyesha mpaka huo mwaka 1948, na hakuna ujanja wa kuuvuka. Ndege ikitulia, data ni kidogo. Bawa likianza kutikisika, makisio yote yanakosea, data zinafura, na redio ni ile ile. Yaani njia inajaa saa ile ile inapohitajika zaidi, jamani! Kwa hiyo huachwa nafasi ya akiba, hupangwa vihisi gani vipite kwanza, na chombo cha kunasia ndani ya ndege hubaki na nakala kamili.

Jirani ya mama nimempa namba yangu. Simu yake nimeiwekea mlio wa peke yake.