Nyuma Yako Kuna Nini?

Kutoka Mbeya unapanda kwanza. Tukuyu ni baridi, ukungu, migomba na mashamba ya chai. Halafu barabara inaanza kushuka, sweta linavuliwa, dirisha linafunguliwa, na ukifika Kyela jasho linakutoka kama uko Dar. Ikolo iko huko chini, kwenye tambarare ya mpunga na kakao, jirani na Ziwa Nyasa.

Mimi ni mkamwana wa huko. Safari hii sikwenda kula wali wa Kyela tu, nilikuwa na kazi. Natengeneza albamu ya miaka kumi ya ndoa yetu kwenye kompyuta, ile ya kupanga picha ukurasa kwa ukurasa na kuchagua mandhari ya nyuma. Programu ilikuja na mandhari zake: mawaridi, mioyo, hata theluji! Mume wangu akatazama, akasema, "Nzuri. Ila hawa sio sisi." Kweli jamani, theluji na Mnyakyusa wa Kyela wapi na wapi?

Kuwinda mandhari

Basi siku mbili nzima nikawa napiga picha vitu vilivyowafanya majirani wanishangae. Mpunga ulioanikwa kwenye mkeka. Maganda ya kakao. Chungu cha Wakisi, vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe, karibu na Matema. Ziwa asubuhi, na milima ya Livingstone upande wa pili. Na ukuta wa udongo wa jiko la mama mkwe, umeiva kwa moshi.

Siri zenyewe ni ndogo. Piga kivulini, mwanga uwe sawa kila upande. Kitu kilicho chini, kipige ukiwa juu yake moja kwa moja. Kisha kwenye kompyuta fifisha rangi, la sivyo mpunga utawameza watu wako.

Usiku nikamwonyesha mama mkwe ukurasa wake. Yeye katikati, amevaa kitenge kipya, na nyuma ule ukuta. Nilitegemea "Ndaga!" ya furaha. Akanyamaza. Mwishowe akasema, "Mwanangu, kumbe umenirudisha jikoni?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaingia chumbani, akatoka na picha iliyofungwa kwenye khanga. Yeye na marehemu mzee, wabichi kabisa, wamesimama studio. Nyuma yao pazia limechorwa ndege na maghorofa.

"Siku hiyo tulikwenda mjini kwa miguu," akasema. "Baba yenu alilichagua hilo pazia mwenyewe. Ndege sijapanda mpaka leo. Lakini siku ile tulipanda."

Mkasi kabla ya kompyuta

Nikakumbuka wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, waliokuwa na vibanda vyao miaka ya 1990, na mapazia ya meli, ndege na maua. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata picha za wateja kwa mkasi na kuzibandika kwenye mandhari nyingine, zamani kabla kompyuta hazijatufikia. Wateja walijua fika kwamba ni picha tu. Walilipia mahali walipotamani kuwa. Mimi, na digrii yangu ya mawasiliano, nilimpeleka mama wa watu mahali alipochoka kuwa, bila hata kumuuliza.

Asubuhi nikaipiga upya ile picha ya studio, nikakata kipande cha pazia chenye ndege, nikakikuza, nikakififisha kidogo. Mama mkwe akakaa juu yake na kitenge chake. "Hapo sawa," akasema, na kuniagiza nakala tatu.

Ukuta wa jiko nimeuhamishia ukurasa wangu. Mimi naupenda kwa sababu nakaa pale wiki moja kwa mwaka.

Ukurasa wa harusi bado uko mtupu. Mume wangu anataka ziwa, mimi nataka mpunga. Miaka kumi, na ndiyo mara ya kwanza tunaulizana. Je, wewe na mwenzio mmeshaulizana?