Hapana ya Mume Wangu

Mume wangu alikataa matibabu ya saratani akiwa na akili zake. Kabla mwaka haujakwisha alikuwa amesahau kwamba aliwahi kukataa, amesahau hata kwamba anaumwa. Kazi yangu ilianzia hapo, maana neno lake lilibaki mikononi mwangu na watu wengi walitaka kuninyang'anya.

Sote wawili ni wa Manono. Yeye alikuwa fundi umeme wa Zaïretain, kampuni iliyorithi mashimo ya bati ya Géomines ya Wabelgiji, na ujana wake ulikwisha kwenye laini iliyoleta umeme kutoka bwawa la Piana-Mwanga, kule mto Luvua. Uchimbaji ulipozorota miaka ya 1980 alishika jembe. Vita vilipofika na mji wetu ukawa mstari wa mbele, tulikimbia na wengine, tukarudi na wengine. Nayasema haya mapema kwa sababu shemeji zangu walidai kwamba alikataa matibabu kwa woga. Mimi niliyelala naye porini huku mabomu yakianguka mjini, najua woga wake ulikuwa na sura gani. Siku ile kwa daktari sikuiona sura hiyo.

Ugonjwa uligunduliwa Lubumbashi, karibu kilomita 500 kusini mwa kwetu, tulipokwenda kumwona binti yetu. Mkojo ulikuwa unakatika na mgongo hauachi kuuma. Akapimwa damu, akakatwa kipande kidogo cha tezi dume, akapigwa picha ya mifupa. Saratani ilikuwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia uti wa mgongo.

Daktari alitueleza bila haraka. Saratani ya namna hii hukua kwa nguvu ya homoni za kiume. Tangu utafiti wa Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941, madaktari huizuia kwa kuzikata homoni hizo. Mwenye fedha hudungwa sindano kila baada ya miezi fulani, maisha yake yote. Asiyekuwa nazo huondolewa korodani kwa upasuaji mdogo, na matokeo hayapishani sana. Mionzi ya kutuliza mifupa ingetaka safari nyingine ndefu, hata nje ya nchi. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Daktari, nitapona?"

"Hapana, mzee. Ugonjwa utapunguza mwendo, pengine kwa miaka kadhaa, na maumivu yatashuka."

"Basi nirudisheni Manono."

Daktari hakuandika jibu hilo siku ile, maana alikuwa ameshaona jambo la pili. Alipomuuliza mwaka, mume wangu alitaja mwaka wa zamani. Alipomuuliza nchi, alisema Zaïre. Mimi nilikuwa nimeuona usahaulifu huo tangu misimu miwili ya mvua iliyopita, nikauita uzee. Basi tuliambiwa turudi kesho yake. Daktari akaanza upya kabisa, kisha akamwomba mzee aeleze kwa maneno yake mwenyewe anaumwa nini, itakuwaje asipotibiwa, na kwa nini hataki. Akaeleza. Ugonjwa uko kwenye mifupa na utamuua. Sindano zitakula nyumba na shamba la mihogo, halafu atakufa vilevile na kuniacha sina kitu. Na hataki kufia mji ambao asubuhi hakuna wa kumsalimia kwa Kiluba. Jibu lilikuwa lile la jana, na sababu zake zilikuwa zile za jana.

Baadaye nilijifunza kwamba Waingereza wamekiweka kipimo hicho katika sheria yao ya mwaka 2005. Mtu anatakiwa aelewe anachoambiwa, akishike kichwani muda wa kutosha kuamua, apime faida na hasara, aweze kusema alichoamua. Kila jambo hupimwa kivyake: anayekosea mwaka anaweza kabisa kujua anataka kulala wapi siku zake za mwisho. Sheria hiyo inaongeza kwamba uamuzi ambao wengine wanauona si wa busara haumfanyi mtu kuwa hana akili. Sentensi hiyo ningependa ibandikwe katika kila nyumba yenye mgonjwa.

Mimi nilitaka akubali. Nilimwambia usiku ule kwa machozi. Akanijibu: "Mama, unataka niishi. Na mimi nataka kuishi, lakini sitaki kuishi njiani." Tukarudi nyumbani.

Shemeji zangu walikuja wote. Kwetu mgonjwa ni wa ukoo, na mke, hata akimaliza miaka arobaini kwenye ndoa, bado ni mgeni siku ya kuamua jambo kubwa. Shemeji mkubwa alisema ndugu yao amepoteza akili, kwa hiyo kukataa kwake si kitu, na mimi namficha nyumbani ili afe nirithi. Nilimwuliza jambo moja. Mwezi ule ule mzee alikuwa ameweka alama ya dole kwenye karatasi ya kumpa mdogo wake kipande cha shamba, na hakuna aliyeuliza kama akili zake zimo. Angemkubalia daktari pia, nani angeuliza? Nimelitafakari sana hilo tangu siku ile, nami naliona kila mahali: akili ya mgonjwa huanza kutiliwa shaka pale anaposema hapana. Yule anayeitikia kila kitu anahesabiwa kuwa mzima, hata kama hajaelewa neno.

Usahaulifu ulikwenda kasi kuliko saratani. Aliamka alfajiri akitafuta nguo za kazi, akinilaumu kwamba nimeiba mshahara wa Zaïretain. Mwanzoni nilijieleza, nikamwonyesha kwamba kampuni ilikufa zamani, naye akalia kama mtu anayepewa habari ya msiba kwa mara ya kwanza. Kesho yake aliuliza tena. Nikaacha kumuulia kampuni yake kila asubuhi. Nilimwambia, "Leo si zamu yako, baba," naye akakaa akanywa uji. Mgonjwa wa kwanza wa usahaulifu wa namna hii aliyeelezwa na daktari Alois Alzheimer mwaka 1906, mwanamke aliyeitwa Auguste Deter, naye alimtuhumu mumewe mambo ambayo hakuyafanya. Nilipoyajua hayo nilipata nafuu kubwa. Tuhuma zile hazikuwa siri ya moyo wa mume wangu iliyojificha miaka yote ya ndoa. Zilikuwa za ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye magonjwa ya usahaulifu mwaka 2021, wengi wao katika nchi zisizo tajiri kama yetu.

Na katika nchi kama yetu usahaulifu una hatari ambayo Ulaya haipo. Mzee anayetembea usiku peke yake, anayezungumza na wasioonekana, huitwa mulozi, yaani mchawi. Walimkuta mume wangu alfajiri karibu na shimo la zamani lililojaa maji, na kabla jua halijapanda maneno yalikuwa yameshafika sokoni. Sikungoja. Nilikwenda kwa shefu wa avenue pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa, tukazunguka nyumba kwa nyumba kueleza kwamba ubongo unaweza kuugua kama ini linavyougua, na kwamba anayemwona mzee usiku amshike mkono amlete kwangu. Vijana wa pikipiki ndio walioshika neno hilo vizuri kuliko wote. Walimrudisha mara nyingi, bila kudai franga.

Ikafika siku akapiga kelele: "Nipelekeni hospitali!" Alikuwa amebadilika ghafla usiku mmoja, hatulii, anapiga ukuta, hanitambui kabisa. Shemeji wakafurahi: ameomba mwenyewe, tumpeleke Lubumbashi akafanyiwe yote. Nilijiuliza anayesema ni yupi. Je, ni huyu wa leo nimsikilize, au yule wa mwaka jana aliyeeleza sababu zake siku mbili mfululizo?

Muuguzi aliyekuja alimbonyeza tumbo chini ya kitovu, akakuta kibofu kimejaa kimekuwa kigumu. Mkojo ulikuwa umefungwa. Akaingiza mpira wa mkojo, ikatoka beseni karibu nusu, na kabla ya saa sita mchana mume wangu alikuwa ananiita kwa jina langu. Kwa mwenye ugonjwa wa usahaulifu, mvurugiko wa ghafla mara nyingi una chanzo kinachotibika: mkojo uliofunga, maambukizi, choo kigumu, kiu, maumivu asiyoweza kuyataja. Asiyejua hilo atasema akili imeisha, na atamwacha mtu ateseke kwa kitu kinachoondolewa kwa mpira wa plastiki.

Pale nilielewa hasa mume wangu alikataa nini na hakukataa nini. Alikataa kisu, sindano za maisha na safari. Hakuwahi kukataa kutulizwa. Kelele yake ya asubuhi ile ilikuwa ombi la kuondolewa maumivu, na aliondolewa, kwenye kitanda chake, na neno lake la Lubumbashi likabaki zima. Tangu hapo kila kitu kipya nilikipima kwa swali hilo: hiki ni cha kumtuliza, au ni cha kumrudisha kwenye barabara aliyoikataa? Na hata cha kumtuliza, akiusukuma mkono wangu, nilingoja nikajaribu tena baadaye. Mdomo uliosahau maneno bado unaweza kufumbwa, na huko kufumba nako ni jibu.

Kumtuliza ndiko kulikotushinda mara nyingi. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha ngazi za dawa za maumivu ya saratani: paracetamol, kisha codeine au tramadol, kisha morphine. Kwetu ngazi iliishia katikati. Tramadol ilimpa usingizi na ilimfunga choo, nikampa papai na maji mengi, lakini mifupa ilipoanza kuuma kweli haikutosha. Morphine sikuiona Manono. Mwaka 2017 jopo la jarida la Lancet liliandika kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morphine zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zote kwa pamoja hupata tani 0.1. Soma tena tarakimu hizo. Mume wangu alikuwa ndani yake.

Na isisemwe kwamba haiwezekani Afrika. Uganda, tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, morphine ya maji huchanganywa kutoka unga, kwa bei ndogo, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, kwa kuwa madaktari hawatoshi vijijini. Nao ni majirani zetu, tumepakana. Nchi yangu inachimba kobalti, bati na shaba. Manono yenyewe sasa inasemwa duniani kote kwa sababu ya lithiamu. Wanaotia sahihi mikataba hiyo waulizwe chupa ya morphine inagharimu kiasi gani.

Kuhusu mimi nitasema kidogo. Anayemtunza mtu mwenye magonjwa mawili hulia misiba miwili kwa zamu, na ule wa akili hauna kilio, hakuna anayeleta unga wala kukaa nawe. Watoto walituma pesa kwa simu, nashukuru. Lakini kilichonibakiza hai ni mke wa mwanangu, aliyekuja kila Jumamosi kulala kwenye mkeka mlangoni ili mimi nilale. Ukitaka kumsaidia jirani wa namna yangu, usimuulize anahitaji nini. Mwambie usiku gani utakuja.

Mume wangu alifariki nyumbani, msimu wa kiangazi uliopita. Kwenye kilio shemeji mkubwa alisema mbele ya watu kwamba matibabu yangemwongezea miaka. Huenda ni kweli, na sikumbishia. Hajanisamehe mpaka leo.

Wewe unayesoma, ikiwa una mume, mke au mzazi ambaye bado anajibu kwa akili zake, muulize wiki hii: ukiugua ugonjwa usiopona, unataka nini, hutaki nini, ulale wapi, nani aseme kwa niaba yako? Muulize mbele ya ndugu zake, si chumbani kwa daktari kama tulivyofanya sisi. Andikeni, mashahidi watie sahihi, karatasi iwekwe pale inapokaa hati ya shamba.